Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria na Mwanasheria Mkuu: Mtikila alishinda, tekelezeni hukumu

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,
Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali,
Dodoma.

YAH: KUTEKELEZWA KWA HUKUMU YA MAHAKAMA YA AFRIKA YA HAKI ZA BINADAMU NA WATU KUHUSU MGOMBEA BINAFSI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote zinazostahili nafasi zenu. Mimi ni mwalimu mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu nimefundisha somo la Uraia, na sina kadi ya chama chochote. Naandika hadharani kwa sababu njia ya ofisini nimekwisha kuipita. Niliandika barua kwa ofisi ya umma inayohusika na jambo hili, nikaambatanisha nakala ya hukumu, nikagongewa muhuri wa "IMEPOKELEWA" kwenye nakala yangu. Nilipofuatilia, nikaambiwa jalada liko mezani kwa mkubwa. Nilipofuatilia tena, jalada halikuonekana, na kijana wa masjala akaniuliza kwa upole kabisa, "Mzee, kwani huyo Mtikila ni ndugu yako?"

Si ndugu yangu. Na kama ofisi za umma zinadhani hukumu ya Mtikila ni mali ya ukoo wa Mtikila, hiyo peke yake inatosha kunifanya niandike barua hii.

Tarehe 14 Juni 2013, pale Arusha, Mahakama ya Afrika iliamua kwamba Tanzania inavunja haki za raia wake kwa kuwazuia kugombea uongozi mpaka wadhaminiwe na chama cha siasa. Iliiagiza nchi irekebishe Katiba na sheria zake ndani ya muda unaofaa. Tumekwisha kufanya chaguzi kuu tatu tangu siku ile, za 2015, 2020 na 2025, na katika zote tatu fomu ya kugombea imebaki na sehemu ya jina la chama, saini ya kiongozi wa chama na muhuri wa chama.

Vijana wengi hawamjui mtu aliyefungua kesi hiyo, au wanamjua kama kituko cha siasa za zamani. Niruhusuni nimweleze kwanza, maana hoja zangu zote zinapita kwake.

Christopher Mtikila alikuwa mtu wa Ludewa, mchungaji wa kanisa la Full Salvation na mwanzilishi wa Democratic Party, DP. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, wanasiasa wengi wapya walikuwa bado wanapima maneno. Yeye hakupima. Kwake hakukuwa na Tanzania Bara, kulikuwa na Tanganyika, na aliidai serikali yake kwa sauti iliyosikika hata kwa wasiofika kwenye mikutano yake, maana kanda za kaseti za hotuba zake zilizunguka mitaani. Sheria ya Vyama vya Siasa ilimtaka apate wanachama wasiopungua 200 kutoka kila mkoa katika mikoa isiyopungua 10, na miwili kati ya hiyo iwe ya Zanzibar, mmoja Unguja na mwingine Pemba. Mtu mwingine angevuka bahari, akaandikisha watu wake 400, akarudi na cheti. Mtikila alikataa, kwa sababu kuandikisha wanachama visiwani kungekuwa kukubali Muungano aliokuwa anaukana jukwaani. Alikaa na chama kisicho na usajili miaka yote ya tisini, akaukosa uchaguzi wa 1995 na wa 2000 kwa tiketi ya chama chake mwenyewe, na usajili aliupata mwaka 2002 baada ya kulegeza msimamo wake huo. Mwaka 1999 alifungwa jela kwa uchochezi, kwa maneno aliyoyasema juu ya kifo cha Horace Kolimba, aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa CCM. Akatoka, akaendelea kusema.

Aligombea urais mwaka 2005, miongoni mwa wagombea 10. Alipata kura 31,083, yaani asilimia 0.27. Kura yangu haikuwa mojawapo. Na yapo maneno yake ambayo siyatetei hata leo. Namna alivyowasema Watanzania wenye asili ya Asia, akiwaita magabacholi mbele ya umati wenye hasira, iliwatia watu hofu majumbani mwao na madukani mwao, na haikuwa hofu ya bure. Raia mwenye cheti cha kuzaliwa cha nchi hii hakupaswa kutajwa vile.

Nayasema haya ili isidhaniwe kwamba namwombea heshima mtu ninayemshabikia. Lakini mtu huyuhuyu, ambaye kwenye sanduku la kura hakufikisha hata nusu ya asilimia moja, ndiye aliyeshinda kesi kubwa ya haki za kisiasa kuliko kiongozi yeyote wa upinzani aliyejaza viwanja vya Jangwani. Mwaka 1993 alifungua kesi katika Mahakama Kuu Dodoma. Jaji Kahwa Lugakingira alipotoa hukumu tarehe 24 Oktoba 1994, alifuta ulazima wa kuomba kibali cha polisi ili kufanya mkutano wa hadhara, na akatamka kwamba raia anaweza kugombea bila chama. Kuanzia hapo vyama vikawa vinatoa taarifa polisi badala ya kuomba ruhusa. Vyama vilivyomcheka Mtikila vilifanya mikutano kwa haki aliyoipata Mtikila.

Alifariki tarehe 4 Oktoba 2015 kwa ajali ya gari eneo la Msolwa, karibu na Chalinze, akitokea Njombe, wiki tatu kamili kabla ya Uchaguzi Mkuu. Ushindi wake wa Arusha ulikuwa na umri wa miaka miwili na ushei. Hakuona hata herufi moja ya Katiba ikiguswa.

Sasa nakuja kwenye malalamiko yangu.

1. Serikali ilianza kuibadili Katiba kesi ikiwa bado mbele ya jaji.

Tarehe zake ziko wazi. Tarehe 16 Oktoba 1994 Serikali ilipeleka bungeni muswada wa Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba. Siku nane baadaye Jaji Lugakingira akasoma hukumu. Tarehe 2 Desemba mwaka huohuo Bunge likaupitisha muswada, na tarehe 17 Januari 1995 Rais akauwekea saini. Ibara ya 21, inayompa kila raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi yake, ikafungwa kamba kwa ibara ya 39, ya 47 na ya 67 zinazodai chama. Hukumu ikawa imekufa kabla wino haujakauka.

Katika Katiba hiyohiyo, ibara ya 20 inapiga marufuku mtu yeyote kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Nimeifundisha ibara hiyo darasani. Kisha kipindi kinachofuata nafundisha sifa za mgombea ubunge, ya kwanza umri, ya pili kujua kusoma na kuandika, na mara tunafika kwenye uanachama wa chama cha siasa. Watoto wa kidato cha pili wanaliona tatizo hapo bila kuelekezwa. Mwalimu Nyerere naye aliliona. Aliyapinga mabadiliko hayo waziwazi, akahoji kama kifungu kimoja cha haki za raia kinaweza kukatwa namna hiyo, ni kitu gani kitazuia vifungu vingine vyote visikatwe. Swali lile halijapata jibu kutoka wizara yenu.

2. Kila mahakama ilipowatupia mpira, mliuacha ukae.

Mtikila alirudi Mahakama Kuu mwaka 2005. Tarehe 5 Mei 2006 majaji watatu wakampa ushindi kwa mara ya pili. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 17 Juni 2010 jopo la majaji saba wa Mahakama ya Rufani, likiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, likaitengua hukumu hiyo. Wanaotetea hali iliyopo hupenda kuitaja hukumu ya 2010, na hapo huishia. Naomba isomwe hadi mwisho. Mahakama ya Rufani haikusema mgombea binafsi ni jambo baya. Ilisema suala hilo ni la kisiasa na mwenye kulimaliza ni Bunge, kisha ikatoa ushauri kwa Mwanasheria Mkuu na kwa Bunge, ikiwakumbusha msimamo wa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa kwamba haki ya kugombea isibanwe isivyofaa kwa kumtaka mtu awe mwanachama wa chama.

Ushauri huo ulielekezwa kwenye ofisi yako, Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu. Walioikalia wamebadilika, ofisi ni ileile.

Naongeza neno juu ya marehemu Jaji Ramadhani, kwa heshima yote. Mwaka 2015, akiwa amestaafu ujaji mkuu, alichukua fomu ya kuomba kuteuliwa na CCM agombee urais. Jina lake halikupita kwenye vikao vya chama. Mtu aliyewahi kushika mhimili mzima wa dola hakuwa na njia nyingine ya kuwauliza wananchi kama wanamtaka.

3. Mtikila hakulipwa fidia kwa sababu utekelezaji ndio ulikuwa fidia.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Baada ya ushindi wa Arusha, Mtikila aliomba alipwe gharama na machungu ya miaka ishirini ya kuhangaika mahakamani. Tarehe 13 Juni 2014 Mahakama ya Afrika ilimkatalia. Kuhusu hasara za fedha, ilisema hakuleta ushahidi wa kutosha. Kuhusu machungu, ilisema kitendo cha kutamkwa kwamba haki yake ilivunjwa ni fidia tosha. Nayaelewa maamuzi ya namna hiyo. Mantiki yake ni kwamba nchi itajirekebisha, na mlalamikaji ataona kwa macho yake kuwa hakusumbuka bure.

Nchi haikujirekebisha. Kwa hiyo mzee yule alipata shilingi ngapi? Hakuna. Alipata haki aliyoidai? Hakuna. Ilikuwa hukumu ya kwanza ambayo Mahakama ile imewahi kuitoa juu ya kiini cha shauri dhidi ya nchi yoyote ya Afrika. Wanafunzi wa sheria kutoka Dakar hadi Johannesburg wanaisoma. Jina la Tanzania limeandikwa pale kama mshtakiwa aliyeshindwa, na Mahakama yenyewe tunaikaribisha hapahapa nyumbani, kwenye ardhi yetu ya Arusha.

4. Mliahidi Katiba mpya, kisha mkatumia ahadi hiyo kama sababu ya kutofanya kitu.

Jibu la Serikali kwa Mahakama lilikuwa kwamba jambo hili litamalizwa na mchakato wa Katiba mpya. Mwaka 2013 jibu hilo lilikuwa na maana. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba iliruhusu mgombea huru, yaani huyuhuyu mgombea binafsi. Bunge Maalumu la Katiba lilifumua mambo mengi katika rasimu ile, ikiwemo serikali tatu, lakini hata Katiba Inayopendekezwa ya Oktoba 2014, iliyopitishwa na wengi wa chama tawala wenyewe, ililiacha lango la mgombea huru wazi. Kwa maneno mengine, kwenye jambo hili Warioba na waliompinga Warioba walikubaliana. Kura ya maoni ilipangwa iwe tarehe 30 Aprili 2015. Ikaahirishwa, na bado imeahirishwa.

Mwaka 2024 zililetwa sheria mpya za uchaguzi, na wananchi walitoa maoni. Ilitungwa Sheria Namba 1 ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani. Sharti la chama likahamishwa kutoka sheria ya zamani kwenda sheria mpya kama fanicha inayohamishwa nyumba. Ninajua mtasema sheria haiwezi kuipita Katiba. Ni kweli. Lakini Katiba imerekebishwa mara nyingi tangu 1977 pale Serikali ilipotaka irekebishwe, na Mabadiliko ya Kumi na Moja yenyewe yalikamilika kwa miezi mitatu tangu muswada hadi saini.

5. Wanaoumia si wagombea urais peke yao.

Nianze na ngazi ya chini, maana huko ndiko niliko. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, majirani zangu walinitaka nichukue fomu ya uenyekiti wa mtaa. Mtaa wetu una shida ya mfereji na ya taa, na mwenyekiti anachohitaji ni daftari, simu yenye salio na ujasiri wa kugonga milango ya halmashauri. Nilikwenda kuulizia. Swali la kwanza nililoulizwa halikuwa naishi wapi wala nimeishi hapo tangu lini. Niliulizwa chama gani. Nikasema sina. Dada aliyekuwa mezani alinionyesha kwa kalamu mahali panapotakiwa muhuri wa katibu wa chama, akanishauri kwa nia njema kabisa nikachukue kadi yoyote ile, hata ya chama kidogo, nimalize kazi. Yaani nchi inanishauri nidanganye kuhusu imani yangu ya kisiasa ili nisimamie uzibuaji wa mfereji.

Tukipanda juu, mambo ni yaleyale kwa kiwango kikubwa zaidi. Julai 2015 Edward Lowassa alikatwa jina kwenye vikao vya CCM, na tarehe 28 ya mwezi huohuo akajiunga na CHADEMA, chama kilichokuwa kimemshambulia kwa miaka. Zaidi ya watu milioni 6 walimpigia kura. Kama angeruhusiwa kusimama kwa jina lake, wapigakura wangejua wanampima Lowassa, na CHADEMA ingebaki na uhuru wa kumpima vilevile. Mwaka 2018 wabunge wa Ukonga na Monduli walijiuzulu CHADEMA wakahamia CCM, na Septemba mwaka huohuo ukafanyika uchaguzi mdogo, wakarudi bungeni walewale kwa majimbo yaleyale. Fedha ya umma ililipia masanduku, karatasi, magari na posho ili mtu abadili rangi ya shati.

Mwaka 2025 tuliona kali zaidi. Aprili, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba CHADEMA haitashiriki kwa kuwa haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi. Tuache ubishi wa nani alikosea. Chama kimoja kikikosa sahihi moja, kila mwanachama wake nchi nzima, hadi wa udiwani kule Ukerewe au Tunduru, anapoteza haki yake ya kikatiba bila yeye kuulizwa. Kisha Luhaga Mpina, aliyetoka CCM na kuteuliwa na ACT-Wazalendo kugombea urais, uteuzi wake ulifutwa kwa hoja ya kanuni za ndani za chama chake, akarudishwa na Mahakama Kuu, akaenguliwa tena na Tume. Mtu huyu alikuwa mbunge na aliwahi kuwa waziri, na hatima yake ilikwama kwenye swali la amekuwa mwanachama kwa muda gani.

6. Mlango wa Arusha umefungwa nyuma ya Mtikila.

Novemba 2019 Serikali iliwasilisha taarifa ya kuondoa tamko lililowaruhusu raia na asasi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika. Tamko hilo tulilitoa sisi wenyewe mwaka 2010. Mwaka mmoja baada ya taarifa ile, kujiondoa kukaanza kufanya kazi. Mtanzania wa leo mwenye lalamiko kama la Mtikila anaweza kupanda daladala hadi kwenye lango la mahakama hiyo, akalitazama jengo, akarudi nyumbani.

Waheshimiwa, najua majibu ambayo huwa yanatolewa. Niyajibu mapema tusipotezeane muda.

Litasemwa suala la ukabila na umoja wa kitaifa. Serikali ililisema Arusha, na Mahakama haikushawishika. Mimi nakumbusha historia yetu. Mwaka 1960, katika uchaguzi wa kuelekea Uhuru, TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kile kimoja, cha Mbulu, alikichukua Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyeamua kusimama kama mgombea binafsi dhidi ya mgombea rasmi wa chama. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka uliofuata Tanganyika ikapata Uhuru ikiwa nchi moja. Majirani zetu wanafanya hivyo sasa hivi. Kenya iliweka mgombea huru katika Katiba yake ya 2010, na watu wa Meru mwaka 2022 walimchagua Kawira Mwangaza kuwa gavana bila chama. Uganda, Bunge lililochaguliwa 2021 lilikuwa na wabunge huru zaidi ya 70. Rwanda, yenye kila sababu ya kuogopa mgawanyiko, ilimruhusu Philippe Mpayimana kugombea urais bila chama mwaka 2017 na tena 2024. Sioni kwa nini Mtanzania awe hatari kuliko hao wote.

Litasemwa kuanzisha chama si kazi ngumu. Mtu anayetaka kuwawakilisha watu wa kata moja hapaswi kuzunguka mikoa 10 na visiwa viwili.

Litasemwa Mtikila mwenyewe aligombea kwa chama, kwa hiyo hakuzuiwa. Aligombea kwa chama kwa sababu hakukuwa na njia nyingine.

Na litasemwa, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba tukifungua mlango wataingia watu wa ajabu ajabu, wenye vituko, karatasi ya kura itakuwa ndefu kama kanga. Hili naliheshimu kidogo kuliko mengine yote. Mwaka 2020 tulikuwa na wagombea urais 15, na kila mmoja alitoka kwenye chama chenye usajili. Mzee Hashim Rungwe wa CHAUMMA aliahidi ubwabwa kwenye mikutano, watu wakacheka, lakini wapo waliomwelewa, maana njaa kwenye mkutano wa saa nne juani ni kitu halisi. Vyama havikuwahi kuchuja vituko, wala si kazi yake. Mchujo tayari upo kwenye sheria: mgombea urais anatakiwa kuleta wadhamini 200 waliojiandikisha kupiga kura kutoka kila mkoa katika mikoa isiyopungua 10. Mwekeeni mgombea binafsi sharti hilohilo, na dhamana ileile ya fedha. Asiyeweza kupata watu 2,000 wa kumwamini hatafika kwenye karatasi. Anayeweza, hata kama anaiita nchi Tanganyika na hata kama hotuba zake zinatukera, wenye haki ya kumkataa ni wapigakura. Mtikila walimkataa mwaka 2005 kwa amani kabisa, wakarudi nyumbani kupika.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, mlete bungeni muswada wa kurekebisha ibara ya 21, 39, 47 na 67, pamoja na vifungu vinavyohusiana navyo, ili raia aweze kugombea kuanzia uenyekiti wa kitongoji na mtaa hadi urais bila kulazimika kuwa na chama. Isisubiriwe Katiba mpya nzima. Kwenye kampeni za 2025 iliahidiwa kwamba mchakato wa Katiba mpya utaanza ndani ya siku 100 za mwanzo, na naitakia heri ahadi hiyo, lakini hukumu ya 2013 haikutegemea ahadi ya 2025 na isifungwe humo.

Pili, mtoe hadharani ratiba yenye tarehe. Sheria ya uchaguzi na kanuni za serikali za mitaa zirekebishwe kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa unaofuata, mwaka 2029, ili majaribio yaanzie mitaani na vijijini.

Tatu, Serikali irudishe tamko la kuwaruhusu raia kwenda Mahakama ya Afrika.

Nne, hukumu ya tarehe 14 Juni 2013 iwekwe kwa Kiswahili kwenye maktaba za mikoa, ofisi za halmashauri na shule za sekondari, ili mwalimu wa Uraia awe nayo mkononi anapofika kwenye ibara ya 20.

Tano, na hili ni la heshima tu: Serikali iandike barua rasmi kwa familia ya marehemu Mchungaji Mtikila, ikikiri kwamba alishinda na ikieleza hukumu yake itatekelezwa lini. Barua hiyo haihitaji bajeti wala kikao cha Bunge.

Niko tayari kuitwa na ofisi yoyote kati ya zenu, nije na nakala zangu, ikiwemo ile yenye muhuri wa "IMEPOKELEWA". Natarajia jibu la maandishi. Likija, nitalitoa hadharani kama nilivyoitoa barua hii, neno kwa neno.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu na mpigakura,
Dar es Salaam.

Nakala:
Spika wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania
Mwenyekiti, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi
Msajili wa Vyama vya Siasa
Msajili, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha